Upara wa Baba: Dawa ya Kweli na Dawa ya Uongo

Leo tutazungumza juu ya nywele za wanaume: mume wako, kaka yako au kijana wako. Labda unajiuliza, "Upara wa baba unanihusu nini mimi?" Unakuhusu kwa sababu tatu. Pesa za kununua dawa ya upara ni zile zile za majani chai zinazotarajiwa kulipa karo. Baadhi ya dawa za uongo huunguza ngozi. Na hata dawa za kweli zaweza kumdhuru mama mjamzito au mtoto zikiwekwa ovyo nyumbani.

Kwanza tuelewe upara ni nini. Upara wa kawaida wa wanaume ni wa ukoo. Huanza kwenye pembe za paji la uso au utosini, polepole, bila mwasho wala maumivu. Homoni ya kiume hufanya mashina ya nywele yasinyae mwaka baada ya mwaka. Mtu huurithi kutoka upande wa baba na upande wa mama pia. Si ugonjwa na hauambukizi.

Sasa tuyaangalie maneno ya mitaani.

Wengine husema kofia huleta upara. Si kweli. Wengine husema kunyoa mara kwa mara huzifanya nywele ziwe nzito. Si kweli, kwa sababu wembe hukata juu ya ngozi na shina liko ndani. Wengine husema upara ni utajiri. Huo unasikika kama mzaha tu, lakini mwaka 2017 huko Milange, nchini Msumbiji, wanaume wenye upara waliuawa na watu walioamini kwamba vichwa vyao vina dhahabu. Imani mbaya huua.

Hatari zaidi ni kupaka mafuta taa au maji ya betri kichwani. Maji ya betri ni asidi. Huunguza ngozi na kuacha kovu, na mahali penye kovu nywele hazioti tena.

Je, kuna dawa ya kweli? Ndiyo, ziko mbili zilizothibitishwa kwa upara wa ukoo.

Ya kwanza ni minoksidili ya kupaka. Hapo awali ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, ndipo madaktari wakaona wagonjwa wanaota nywele. Inahitaji kupakwa kila siku kwa miezi 4 au zaidi kabla ya kuona mabadiliko. Akiacha, nywele alizopata hupotea tena. Iweke mbali na watoto, kwani mtoto akiinywa shinikizo lake la damu laweza kushuka vibaya. Baba anawe mikono akimaliza, wala mtoto mchanga asilazwe kwenye kichwa kilichopakwa. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa onyo baada ya watoto wachanga kuota nywele nyingi mwilini kwa kugusa ngozi ya mzazi aliyepaka dawa hii.

Ya pili ni kidonge cha finasteride, ambacho hutolewa kwa maagizo ya daktari. Kwa wanaume wengine hupunguza hamu ya tendo la ndoa, kwa hiyo baba aelezwe mapema. Mama, sikiliza vizuri hapa: kama una mimba au waweza kuwa nayo, usiguse kidonge hiki kikiwa kimevunjika au kusagwa. Chaweza kuharibu viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Dawa zote mbili husaidia zaidi mtu akianza mapema. Kichwa ambacho kimekuwa kitupu kwa miaka mingi hakitarudi kama zamani.

Lakini si kila nywele zinazotoka ni upara wa ukoo. Mpeleke zahanati ukiona haya:

- Mabaka yenye magamba na mwasho, hasa kwa mtoto. Hayo ni mapunye. Mafuta ya kupaka pekee hayatoshi kwa mapunye ya kichwa. Hutibiwa kwa dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa wiki 6 hadi 8. Usikatize hata ukiona amepona.
- Vipele vigumu kisogoni baada ya kunyolewa. Aache kunyoa hadi kwenye ngozi na atibiwe mapema, kabla ya kovu.
- Baka moja la mviringo, laini, lililotokea ghafla. Mara nyingi nywele hurudi zenyewe, na daktari anaweza kusaidia.
- Nywele zinazotoka vipande vipande pamoja na upele mwilini. Hii yaweza kuwa kaswende, na mke pia apimwe.
- Nywele zinazokatika kwa wingi miezi 2 au 3 baada ya homa kali, au baada ya wewe mama kujifungua. Hizi kwa kawaida hurudi zenyewe.

Mwuzaji akija sokoni msimu wa bonasi, muulize maswali manne. Dawa hii inaitwaje? Ndani yake mna nini? Inachukua muda gani? Ina madhara gani? Akikuambia inaponya upara wa kila aina kwa wiki moja na haina madhara yoyote, funga mkoba wako. Chupa isiyoandikwa kilichomo isiingie nyumbani kwako.

Na mwisho, baba akiamua kunyoa na kukaa na upara wake, hilo nalo ni jibu zuri. Halina gharama, wala halina hatari kwa mtu yeyote nyumbani. Mwambie anapendeza.