Saa fupi yawainua vijana katika sataranji

KATIKA mashindano makubwa ya sataranji ya kawaida, mchezaji hupewa dakika 90 au zaidi. Katika sataranji ya kasi, dunia humpa dakika 15. Katika ile ya kasi zaidi, dakika tatu na sekunde mbili kwa kila hatua.

Muda huo mfupi umewainua vijana. Desemba 2021 mjini Warsaw, Nodirbek Abdusattorov wa Uzbekistan alitwaa ubingwa wa dunia wa dakika 15 akiwa na miaka 17, baada ya kumshinda Magnus Carlsen njiani. Desemba 2024 mjini New York, taji hilo lilikwenda kwa Volodar Murzin, mwenye miaka 18.

Saa inapobana, hesabu ndefu haziwezekani. Humfaa zaidi aliyezoea kutambua mpangilio wa kete mara auonapo. Mazoea hayo hujengwa utotoni, kwa michezo mingi.

Kwa mtoto wa Kibiti au delta ya Rufiji, pwani inakojulikana bao la kete 64, kikwazo si akili. Phiona Mutesi alianzia mabanda ya Katwe, Kampala, akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji mwaka 2010. Kinachotakiwa ni ubao, saa na mpinzani, mapema.