Mwili Usiolala Hauwezi Kazi

Kule Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward, kazi nyingi hufanyika wakati wengine wamelala. Mvuvi huingia mtumbwini jioni, hutega nyavu, hukesha majini katika baridi, na kurudi alfajiri. Mke wake huamka kabla ya jua ili apokee samaki, awapasue, awakaushe au awapeleke sokoni. Nyumba nzima ina njaa ya usingizi. Njaa ya chakula huonekana upesi, kwa maana mtu hukonda. Njaa ya usingizi haionekani, lakini nayo inaua.

Usingizi ni kazi ya mwili

Wengine hudhani kwamba mtu aliyelala ni kama mzigo uliowekwa chini. Sivyo. Katika usingizi moyo hupunguza mwendo wake, mwili hujitengeneza, na ubongo hupanga mambo uliyojifunza mchana. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12.

Mwaka 1997 wachunguzi wa Australia waliwapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo. Waliona kwamba mikono na macho yao yalikawia kama ya mtu aliyekunywa pombe. Fikiri basi juu ya mvuvi aliyeshinda akishona nyavu, kisha akaingia ziwani usiku. Hakugusa kasiksi, lakini anaongoza mtumbwi kama mlevi, kati ya viboko na mawimbi. Na dereva wa pikipiki anayepanda mlima na samaki kwenda Butembo bila kulala yuko katika hatari ile ile.

Sasa tutazame magonjwa ya usingizi yanayojulikana sana.

1. Kukosa usingizi. Mtu analala chini, lakini macho hayafungiki. Sababu ni nyingi: maumivu, kahawa ya jioni, deni, huzuni, hofu. Watu wengi wa Beni wamepoteza jamaa na nyumba tangu mauaji ya mwaka 2014. Wakifunga macho, wanayaona tena. Mtu wa namna hii si mwendawazimu, wala imani yake haijapotea. Moyo wake una jeraha. Ikiwa hali hii yamshika usiku 3 au zaidi kwa juma, na miezi 3 imepita, ni ugonjwa unaotaka msaada. Aende kwa mganga wa hospitali, aseme yote.

Pombe si dawa yake. Hulaza mtu upesi, kisha humwamsha katikati ya usiku. Na vidonge vya usingizi usinunue sokoni. Mwili huvizoea, hutaka vingi zaidi, na mtu anayevinywa pamoja na pombe aweza kuacha kupumua.

2. Jinamizi. Unaamka, unaona nyumba, unasikia sauti, lakini huwezi kuinua hata kidole. Kifua ni kizito kana kwamba mtu amekikalia. Wengi husema, "Nimerogwa," na kesho yake jirani mzee anatajwa jina. Ndugu, simama hapo! Katika usingizi wa ndoto, Mungu ameulegeza mwili ili usiinuke na kupigana na ndoto zako. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujaachiliwa. Hupita kwa sekunde au dakika chache, wala hauui. Humpata zaidi mtu aliyechoka, asiye na saa za kulala. Usimshitaki mama wa watu kwa sababu ya uchovu wako.

Lakini mtu akitetemeka usingizini, akauma ulimi, akajikojolea, hiyo yaweza kuwa kifafa. Apelekwe hospitali, kwa maana kifafa kina dawa.

3. Kukoroma na kukatika pumzi. Mtu anakoroma kwa nguvu, ghafula ananyamaza, kisha anashtuka akitafuta hewa. Yeye mwenyewe hajui. Anayejua ni mwenzi wake wa kitandani. Asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia. Koo lake hujifunga usingizini, na baada ya miaka damu yake hupanda na moyo huchoka. Kupunguza unene, kuacha pombe na kulala ubavu humsaidia. Mtoto anayekoroma kila usiku atazamwe koo lake.

4. Malale. Huu si uchovu, ni ugonjwa wa kijidudu kinacholetwa na mbung'o, nzi anayeuma mchana. David Bruce aliuonyesha ukweli huu Uganda mwaka 1903, wakati malale ilipokuwa ikiua watu wengi sana kando ya Ziwa Victoria. Kwanza huja homa, kichwa na uvimbe nyuma ya shingo. Baadaye usingizi hugeuka: mtu hulala mchana, hukesha usiku, na tabia yake hubadilika. Siku hizi wagonjwa ni wachache, lakini wengi wao wako katika Congo yetu. Asiyetibiwa hufa. Tangu mwaka 2018 kuna vidonge vya fexinidazole, vinavyonywewa siku 10 pamoja na chakula. Usichelewe.

Ufanye nini?

Wewe unayevua usiku, ukirudi, usikae kwenye kasiksi hadi adhuhuri. Kula, oga, lala. Nuru huuambia ubongo kwamba ni mchana. Kwa hiyo ziba dirisha kwa nguo nzito na ufunge macho kwa kitambaa. Tundika chandarua. Waambie watoto wacheze mbali. Amka saa ile ile kila siku. Ukikosa usingizi, usigaagae. Ondoka kitandani, keti kimya, urudi macho yakilemea. Kahawa iwe mwanzo wa kazi tu. Baada ya saa 5 nusu ya nguvu yake bado imo mwilini.

Wewe mwalimu, mtoto anayesinzia darasani usimpige kwanza. Muulize amelala wapi, na saa ngapi.

Nanyi wazee wa kanisa, mkumbukeni Eutiko katika Matendo ya Mitume 20. Paulo alihubiri hadi usiku wa manane, kijana akalemewa na usingizi, akaanguka kutoka dirisha la orofa ya tatu. Hakuna aliyemkemea, Paulo alishuka akamkumbatia. Mkesha wa maombi ni mwema, lakini msimwite mvivu mvuvi anayebaki nyumbani usiku wake mmoja wa kupumzika. Bwana wetu mwenyewe alilala chomboni dhoruba ikivuma, na kazi ya Baba yake haikupungukiwa.