"Filamu Bubu" au "Filamu Isiyo na Sauti"?

Istilahi isiyofaa humfanya msomaji atarajie jambo lisilokuwapo. Ndivyo tuonavyo kuhusu "filamu bubu", jina litumikalo kwa filamu za zamani zilizotengenezwa kabla ya sauti kunaswa pamoja na picha.

Tuchukue mfano wa kichekesho cha Louis Lumière, L'Arroseur arrosé, yaani "Mmwagiliaji Amwagiwa", kilichoonyeshwa Paris tarehe 28 Desemba 1895. Urefu wake haufiki dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia mimea. Mvulana anaukanyaga mpira wa maji kwa siri, maji yanakatika. Mtunza bustani, akidhani mpira umeziba, anachungulia mdomo wake. Mvulana anainua mguu, maji yanamrukia mzee usoni. Mvulana anakimbizwa, anakamatwa na kuchapwa.

Hamna neno lisikikalo, lakini kila mtazamaji huelewa. Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Hapa wachezaji waliweza kusema, ila chombo hakikuweza kunasa sauti zao. "Filamu kimya" nayo haitoshi, kwani mara nyingi filamu hizo zilionyeshwa zikisindikizwa na piano. Ukumbi haukuwa kimya; filamu yenyewe ndiyo haikubeba sauti.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri na walimu watumie "filamu isiyo na sauti". Ni istilahi ndefu, lakini afadhali urefu huo kuliko neno fupi limpotoshalo msomaji.