Dzaleka Nayo Inastahili Makumbusho

Aghalabu mgodi ukifungwa, makumbusho hufunguliwa. Huko Kimberley, Afrika Kusini, uchimbaji wa almasi katika lile shimo kubwa ulikoma mwaka 1914, na leo watalii hulipa kiingilio kulichungulia. Magereza nayo yamewahi kupata bahati hiyo: Robben Island ilifanywa makumbusho mwaka 1997. Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kaskazini mwa mji mkuu Lilongwe, haikuipata. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la watu waliowekwa ndani bila kufikishwa mahakamani, wakiwamo wapinzani wa serikali na Mashahidi wa Yehova, ambao dini yao ilipigwa marufuku mwaka 1967. Kura ya maoni ya Juni 1993 ilikataa mfumo wa chama kimoja, Banda akaangushwa katika uchaguzi wa Mei 1994, na mwaka huohuo Dzaleka ikawa kambi ya wakimbizi. Historia ya kwanza ikafunikwa na ya pili kabla haijapata hata kibao.

Lilongwe, kwa upande wake, inamkumbuka Banda vizuri sana. Kaburi lake lililozinduliwa mwaka 2006 lina nguzo nne zenye misingi minne ya chama chake: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Sina ugomvi na kaburi hilo; taifa lina haki ya kumstahi mwasisi wake. Ila mgeni anayesimuliwa habari za utii pale, bila kuambiwa walikopelekwa waliokataa kutii, amepewa nusu ya habari. Nusu ya pili iko Dowa, si mbali kwa gari.

Wapo watakaosema watu wa Dzaleka wanahitaji unga, si makumbusho. Hoja hiyo ni nzito. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 hivi, sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sheria inawataka wakae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwarudisha huko hata wale waliokuwa na maduka yao mijini. Lakini hapohapo kambini kuna jibu. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo Menes la Plume, aliyekuwa mkimbizi pale, huwavuta Wamalawi na wageni wa nje kwa maelfu. Wanakula kwa mama lishe wa kambini, wananunua vitu, wengine hulala katika nyumba za wenyeji wao. Kama ngoma na mashairi vinaweza kumfuata mteja aliko na kumleta kwa muuzaji asiyeruhusiwa kutoka, historia haishindwi.

Hoja dhaifu zaidi ni kwamba gereza ni historia ya Wamalawi, na wakimbizi ni wageni tu. Wageni wa miaka 30? Wapo vijana waliozaliwa Dzaleka ambao sasa wana watoto wao. Tena wengi wa Wakongo wa hapo wametoka Kivu, nchi ya dhahabu na koltani, na habari za migodi ile na vita vyake wanazo wao kuliko kabati lolote la makumbusho. Mfungwa wa mwaka 1970 na mkimbizi wa leo hawakufika hapo kwa njia moja, na si haki kuwafananisha kwa kila kitu. Hata hivyo wote wawili waliambiwa na serikali wakae hapo. Makumbusho yenye akili yangewaweka chumba kimoja.

Inabaki hoja kwamba kambi ni ya muda. Ndiyo, na gereza nalo lilidhaniwa la kudumu. Chenye muda ndicho cha kurekodiwa mapema, maana waliofungwa Dzaleka miaka ya sitini na sabini sasa ni wazee. Wenye dhamana ya makumbusho nchini Malawi hawahitaji marumaru ili kuanza. Kambini kuna redio ya jamii iitwayo Yetu, na kuna vijana wanaojua kuhoji na kutafsiri. Wapewe kazi hiyo mwaka huu, na walipwe.