Nchi ya Wabaski imo ndani ya lugha yao

Mzalendo ni nani? Siku za sikukuu za taifa hujibiwa kwa nyimbo za kusifu milima na bendera. Leo, mpenzi msomaji, tulitazame swali hili kwa Wabaski, watu wanaoishi pande zote mbili za milima ya Pyrenees, wengine Uhispania, wengine Ufaransa.

Kwa lugha yao, Mbaski ni “euskaldun”, yaani mwenye Kibaski. Jina halitaji damu wala mpaka, linataja lugha. Na lugha yenyewe ni yatima: wanaisimu hawajapata lugha hai nyingine iliyothibitika kuwa ndugu yake. Ikifa, basi, jina la watu hawa linabaki ganda tupu.

Hapo ndipo muziki unapoingia. Chini ya Jenerali Franco, aliyetawala Uhispania hadi alipofariki mwaka 1975, Kibaski kilifukuzwa shuleni na ofisini. Kikabaki nyumbani na kwenye nyimbo. Miaka ya 1960, vijana wa kundi la Ez Dok Amairu, akiwemo Mikel Laboa, walizichukua nyimbo za wazee wakaziimba upya, wakatunga na nyingine. Wimbo maarufu zaidi wa Laboa, “Txoria txori”, unatokana na shairi la Joxean Artze. Unahusu ndege. Hautaji nchi hata mara moja! Ila Wabaski huuimba kana kwamba ni wimbo wa taifa. Mimi naona ajabu yake ni ndogo: kuuimba kwa Kibaski wakati ule kulikuwa tayari ni tamko.

Artze huyo na nduguye pia waliisaidia txalaparta isipotee. Ni mbao zinazogongwa kwa vijiti na watu wawili, mmoja akijaza kimya anachoachiwa na mwenzake. Ilikuwa imebaki kwa wapigaji wachache mno.

Lakini mimi kinachonivutia zaidi ni bertsolari, malenga wa papo kwa papo. Anapewa mada na bahari ya kutungia, kisha anaimba bila ala, bila karatasi. Msomaji wa Lamu au Mombasa anajua kujibizana kwa mashairi si mchezo. Fainali ya mashindano yao makuu hufanyika kila baada ya miaka minne, na huhudhuriwa na watu zaidi ya 10,000. Mwaka 2009 Maialen Lujanbio alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda. Mshindi huvishwa kofia. Naam, kofia tu!

Siri ya fani hii iko mwishoni mwa ubeti. Bertsolari hulitafuta neno la mwisho kwanza, kisha huujenga ubeti kulielekea. Wasikilizaji wanaoijua lugha vizuri hulinusa mapema, na mara nyingi utawasikia wakiumalizia mstari pamoja naye. Asiyejua Kibaski huambulia sauti tu.