Je, Wajua? Mba wa Paka Huweza Kutembea

Paka wa Garissa akijikuna na kuacha unga mweupe mkekani, usikimbilie kulaumu jua. Babu yake ni paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nyika kavu aliyezoea kupata maji mengi kutoka kwa panya aliowala. Mpaka leo kiu ya paka ni ndogo, hivyo anayelishwa chakula kikavu tupu huenda asinywe maji ya kutosha, ngozi yake ikakauka na kutoa mba. Kiloweshe chakula hicho.

Mba ukiwa kiunoni tu, karibu na mkia, mwangalie tumbo: paka mnene au mzee hafiki huko kujilamba. Mchane kwa kitana, kisha ukung'utie unga huo kwenye karatasi nyeusi. Punje zikisogea zenyewe, huo ni utitiri, na huwawasha hata watu.

Ukiuona utitiri huo, usithubutu kumpaka paka dawa ya kupe iliyobaki baada ya kuogesha mbuzi. Nyingine zina permetrini, ambayo ini la paka haliimudu: atatetemeka, aingiwe na degedege, pengine afe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata kama foleni yote ni ya mbuzi na ngamia.