Mahindi na Mafuta: Mgeni na Mwenyeji

Neno "mahindi" linaelekeza India, ilhali zao lenyewe halikutoka huko. Wakulima wa kale wa kusini mwa Meksiko ndio walioigeuza nyasi ya mwitu iitwayo teosinte kuwa nafaka, miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Mbegu zilivuka Atlantiki baada ya safari ya Columbus ya 1492. Zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, watu waliozoea mtama na uwele waliipa nafaka hiyo ngeni jina la ng'ambo waliyoijua kwa biashara: Hindi. Mzizi ulibaki mmoja, ngeli zikatenganisha maana. Mhindi na Wahindi ni watu, muhindi na mihindi ni mmea, hindi na mahindi ni zao lake.

Waswahili hawakuwa peke yao. Waturuki huyaita mısır, yaani Misri; Waitalia huyaita granturco, nafaka ya Kituruki. Kwa Waingereza, corn ilikuwa nafaka yoyote. Walowezi wao waliohamia Marekani waliyaita Indian corn, nafaka ya Wahindi, wakiwakusudia wenyeji wa bara lile, ambao nao walibandikwa jina hilo kwa sababu Columbus alidhani amefika Asia. Hivyo India ikatajwa mara mbili, katika pande mbili za dunia, bila kustahili. Jina linalokaribia asili ya mahindi ni maíz la Kihispania, lililochukuliwa kwa Wataino wa visiwa vya Karibi.

Neno "mafuta", kinyume na mahindi, ni mwenyeji hasa. Wazulu husema amafutha, Wanyarwanda amavuta, Wakikuyu maguta, Wakamba mauta. Wote wamerithi mzizi mmoja wa Kibantu cha kale, -kuta. Sauti ya k mahali hapo iligeuka f katika Kiswahili, kama inavyoonekana katika kufa, ambalo Wakikuyu hulitamka gũkua. Urithi huo umezaa maana tele: shahamu ya mnyama, mafuta ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari. Masihi ni mpakwa mafuta, na anayelaghaiwa kwa maneno matamu amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Lakini petroli, mafuta ya gari, ni neno la kuazima. Asili yake ni petra, mwamba, na oleum, mafuta kwa Kilatini; na oleum nalo lilitokana na neno la Kigiriki la mafuta ya zeituni.